Kuvu Katika Ukoka wa Kibabi

Wenzangu mnaobaki na bustani za kituo chetu, niliacha kazi tarehe 30 mwezi wa sita, baada ya kuosha uma, reki na fyekeo na kuvitundika mahali pake. Mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Sitaandika habari za vyeo, maana mtunza bustani huanza akiwa mtunza bustani na humaliza hivyo hivyo. Wala za mshahara, maana mnaujua na mnausubiri kama nilivyousubiri mimi. Nitaandika kuhusu mwanzo wangu, kuhusu mtu aliyenifundisha, na kwa urefu zaidi kuhusu kuvu iliyoshika ukoka mpya wa ua wa mazoezi. Ugonjwa huo utarudi siku moja, na mimi sitakuwepo kuuonyesha kwa kidole.

Msishangae nikitaja tarehe. Nilizaliwa karibu na Kalembe, pale Masisi inapopakana na Walikale, katika familia ya wakulima wa maharagwe na muhogo, na utotoni sikusoma. Niliingia darasa la watu wazima nikiwa na watoto wanne na mume kaburini, nikaketi benchi moja na wanawake waliokuwa rika la binti yangu. Mwalimu alitaka mmoja wetu aandike tarehe ubaoni kila asubuhi kabla ya somo. Tarehe ndiyo kitu cha kwanza nilichoandika bila kushikwa mkono, na tangu hapo sijaruhusu siku inipite bila kuijua jina. Baadaye nilipata cheti cha kilimo cha bustani, katika umri ambao jirani zangu walikuwa wakihesabiwa mabibi. Cheti hicho kimo katika fremu, ukutani, juu ya picha ya marehemu. Naamini hachukii kuwa chini yake.

Nilianza kazi tarehe 2 mwezi wa pili, katika nyumba ya wageni ya masista upande wa Walikale. Mtunza bustani mkuu alikuwa Papa Kahindo, mzee mfupi aliyesema maneno machache na kuyarudia. Nilifika na jembe jipya begani. Alilitazama, akalisimamisha ukutani, akanipa tupa na fyekeo, lile panga refu lililopinda nchani ambalo mnalijua. Siku nzima nilinoa. Jioni alikata shina moja la nyasi kwa fyekeo langu, akaliinua hadi puani kwake kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ona," alisema. "Hapa umekata. Hapa umepasua. Pale pamepasuka, ugonjwa iko inaingia bila kupiga hodi."

Siku ya pili nilitaka kumwonyesha bidii yangu, nikamwagilia maua yote jua lilipokuwa linazama, majani na shina, hadi yakadondoka maji. Papa Kahindo alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mama Feza, batoto yako unabalalisha na nguo ya maji?"

"Hapana, Papa."

"Basi sababu gani unalalisha maua yangu vile?"

Tangu hapo nilimwagilia asubuhi tu, chini ya shina, ili jua likute jani limekwisha kukauka. La tatu alilonifundisha lilinichukua muda kulikubali. Papa Kahindo alikuwa akipiga magoti na kunusa udongo kabla ya kusema lolote juu ya mmea mgonjwa. Mimi nilikuwa mjane mwenye vitenge vizuri, na niliona kupiga magoti ni jambo la kanisani. Alinisubiri. Mwaka wa kwanza haukuisha kabla sijanunua kitenge cha kupigia magoti.

Barabara ya Walikale ilipokuwa ngumu na wageni wakakoma kuja, masista walifunga nyumba, nami nikahamia hapa, kituo cha viungo, kwenye mlima juu ya Sake. Ninyi mnajua kazi ya kituo, lakini naiandika kwa ajili ya atakayekuja baadaye: mtu aliyepoteza mguu hupewa mguu wa bandia, kisha hufundishwa kuutembelea. Nilipofika, ua wa mazoezi ulikuwa udongo mtupu. Kiangazi ulikuwa vumbi, na masika ulikuwa tope ambalo magongo yalizama ndani yake hadi nusu. Mkuu wa kituo, tunayemwita Papa Direkta, mwenyewe ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na alitaka uwanja usiochafua vidonda. Saruji ilikuwa katika mawazo yake tangu mwanzo. Mimi nilimweleza kwamba wagonjwa wetu hawaendi kuishi juu ya saruji, wanarudi milimani. Alifikiri, akasema nijaribu.

Tulikata ukoka katika malisho ya Kibabi, vipande vyenye ukubwa wa tofali, kila kimoja na udongo wake. Lori liliuteremsha hadi njia panda ya Sake, na kutoka pale ulipandishwa kwetu juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, watu wawili wakisukuma na mmoja akilalamika. Tulianza kuutandika Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa kumi, tukamaliza Ijumaa. Udongo wa chini tuliuchimba na kuuinamisha kidogo ili maji yashuke. Vipande tulivipanga kama mwashi anavyopanga matofali, kiungo kisikutane na kiungo, tukavikandamiza kwa ubao na kujaza nyufa kwa mchanga mweusi wa Sake. Ukingoni, chini ya ukuta, ulibaki ukanda wa nyasi za zamani zenye matuta, kwa sababu vipande vilituishia. Ukanda huo ulinikera kila nilipoutazama.

Majuma matatu ukoka ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu walivua viatu bila kuambiwa. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 26, nilikuta madoa matatu karibu na bomba la maji. Kila doa lilikuwa na ukubwa wa sahani na rangi ya chai ya maziwa, limezungukwa na mviringo wa kijivu kama moshi. Na ndani ya umande mlikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko utando wa buibui. Jua lilipopanda nyuzi zilitoweka, madoa yakabaki. Nilivuta jani moja, likachomoka bila kukataa, shina lake limeoza. Nikajua ni kuvu.

"Mama Feza," Papa Direkta aliniita kutoka barazani, "nani anamwanga chai mu gazo yangu?" Gazo ndilo jina ambalo watu wa huku huuita ukoka wa kutandikwa.

"Haiko chai, Papa Direkta. Iko ugonjwa."

"Ao mbwa ya mulinzi?"

"Mbwa hakojoake mu mistari."

Nilisema hivyo kwa sababu juma lile lile madoa mengine yalikuwa yametokea, madogo kama kifuniko cha chupa, mawili mawili, yakitoka kwenye bomba na kuvuka ua hadi upande wa pili kama nyayo za kitu chenye miguu miwili myembamba. Mlinzi alimtetea mbwa wake kwa uchungu. Mpishi alisema udongo wa Kibabi haukupenda kuhamishwa. Wakulima wa viazi waliokuja kuwatembelea wagonjwa wao walinishauri nipulize dawa wanayopuliza viazi, nami sikuwadharau: nilipuliza kona moja nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hakuna anayekaa. Sehemu iliyobaki sikuthubutu, maana wagonjwa wetu huketi juu ya ukoka ule, huanguka juu yake, na watoto wao huutia mdomoni.

Ijumaa Papa Direkta alisimama katikati ya ua kwa mguu mmoja, kama anavyofanya anapotaka kujua wagonjwa wanahisi nini, akateleza.

"Mama, sikiliza muzuri," alisema. "Fundi wa simenti anakuja Jumatatu tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili kwa kazi ya jiko. Kama ile siku gazo haijapona, atamwanga simenti huku. Siwezi kuangusha bagonjwa sababu ya majani."

Sikubishana naye. Penye madoa palikuwa pameoza na kulainika, na gongo likitua pale linakimbia. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na muda wa kumfanya asiwe nayo.

Nilivaa kitenge changu cha kupigia magoti, nikanusa doa kubwa lililo karibu na bomba. Lilinuka maziwa yaliyochacha.

Sasa niwajulishe Mama Venansia. Alikuwa mjane kama mimi, mfugaji wa Kibabi, mrefu, mwenye mdomo usiolala. Lori lililokuwa likimpeleka sokoni lilipinduka, na mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Kituoni alikuwa amepata mguu wa bandia na bado anategemea magongo mawili. Kila alasiri pikipiki ilileta maziwa ya wagonjwa katika madumu, na yeye alijitwalia kazi ya kuyaosha, kwa sababu hakuvumilia kuona dumu la maziwa likishikwa na mtu asiyelijua. Alasiri ile niliketi juu ya toroli langu na kutazama. Maziwa yalipokwisha kunywewa, alikwenda kwenye bomba, akasuuza dumu la kwanza, akaegemea magongo yake, akamwaga maji yale meupe taratibu juu ya ukoka, huku akisema nao.

"Mama Venansia, unafanya nini pale?"

"Ninarudisha."

"Unarudisha nini?"

"Maziwa. Hii maji iko na maziwa ndani. Kwetu hatumwangake maziwa mu matope, hatumwangake mu choo. Inarudi ku majani. Ku majani njo ilitoka."

"Kila siku?"

"Kila siku. Tena hii majani iko ya kwetu, Kibabi. Niliijua siku ya kwanza ilishuka ku chukudu. Iko mugeni huku, sawa miye. Ninaisalimia."

Ni mara chache ugonjwa wa mmea huletwa na adabu. Nilimvutia kiti, nikakaa chini mbele yake, nikamwonyesha doa.

"Salamu yako inaiua," nilimwambia.

"Weye! Ng'ombe anamwanga maziwa, anakojoa, anafanya yote mu majani. Majani inakamata."

"Ng'ombe anafanya na anaenda mbele. Weye unamwanga pahali pamoja. Tena kule upepo inapita, huku kuko ukuta. Na kule majani iko na mizizi ya muzee. Hii iko na mizizi ya majuma matatu. Mutoto wa majuma matatu unamupatiaka nyama?"

Alinyamaza. Mama Venansia kunyamaza lilikuwa jambo la kutangazwa misani. Kisha nilimwonyesha madoa mawili mawili, nikamwomba anipe gongo moja, nikalisimamisha juu ya doa dogo. Kipira cha ncha yake kilitosha pale kama kifuniko kinavyotosha chupa. Maziwa yalikuwa yameilisha kuvu karibu na bomba, na magongo, yake na ya wenzake, yalikuwa yameibeba na kuipanda kila yalipotua.

"Kumbe ni miye," alisema.

"Iko maziwa, iko magongo, iko ukuta, iko mvua. Weye uko mutu mumoja tu kati yao."

Dawa ya maziwa tuliipata siku ile ile, na ni yeye aliyeipata: nyuma ya uzio kuna matete tunayowakatia mbuzi wa kituo, marefu na yenye mizizi mizee. Tangu siku hiyo maji ya madumu yalirudi kwenye matete, na hakuna aliyevunja desturi ya mtu. Dawa ya magongo ilikuwa beseni la maji ya sabuni na klorini mlangoni, kila kipira kioshwe kikiingia na kikitoka. Beseni hilo bado lipo. Msiliondoe.

Dawa ya tatu ndiyo iliyotuletea shida. Ukoka ulipaswa kupumzika, mguu wowote usiukanyage. Nilipofunga kamba kuuzunguka, Mama Venansia alikuja mbio, kwa kadiri mtu anavyoweza kuja mbio kwa magongo.

"Mama Feza, unafunga gazo?"

"Ninafunga, dada. Mwezi moja."

"Basi umefunga na ng'ombe zangu."

Akanieleza. Shemeji yake, Papa Sebastiani, ndugu wa marehemu mume wake, alikuwa amewaambia watu wa ukoo kwamba mtu wa mguu mmoja hawezi kufuata ng'ombe mlimani, na kwamba ni heri wahamishiwe kwenye zizi lake, amtunzie. Wazee walisema angalau amwone kwanza. Angekuja Jumamosi, tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili.

"Anajua miye natembea mu korido," alisema. "Korido haimuoneshe kitu. Ataniambia: tembea mu majani. Na majani iko wapi? Umefunga. Na mwezi ukiisha, njo amekwisha kukuja."

"Na zikienda kwake, zitarudi?"

Mimi pia nilipofiwa nilikuwa na mashemeji waliotaka kunitunzia. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Nilikuwa na ukoka ambao usingepona ukikanyagwa, na mwanamke ambaye asingepona bila kuukanyaga. Nilikwenda kwa Papa Direkta na kumwambia hivyo, na nikaongeza kwamba kazi kubwa iliyobaki ni umande: hapa kwetu unalala juu ya majani hadi saa nne, na kuvu hunywa humo. Nilikuwa nimejaribu kuupiga kwa fimbo ya mianzi, lakini ua ni mpana, na kwa fimbo ningeufikia upande wa pili saa sita mchana.

Papa Direkta alicheka. "Kule nilisomea," alisema, "uwanja wa mupira balikuwa banakokota kamba. Batu babili, mumoja huku, mumoja kule. Kamba inalala juu ya majani, umande yote inaanguka."

"Batu babili banatembea wapi?"

"Pembeni."

Tukatazamana. Pembeni, chini ya ukuta, palikuwa na ule ukanda wa nyasi za zamani ulionikera, wenye matuta na mteremko, usio na doa hata moja. Na upande wa pili palikuwa na njia ya changarawe. "Mama Venansia apitie ku majani," alisema, "weye upitie ku njia. Ashike kamba kwa mukono wa kuume, na gongo moja kwa mukono wa kushoto. Lakini akianguka, Mama Feza, ni weye na miye."

Tulianza Jumanne, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja. Kamba ilikuwa ndefu na nzito, ya kufungia mizigo juu ya lori. Asubuhi ile ya kwanza aliivuta kama mtu anayepigana na mbuzi. Kila hatua yake ilinifikia mkononi: kamba inalegea, inashtuka, inalegea tena. Katikati ya ua alisimama, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

"Unakokota haraka," alinilaumu.

"Nimesimama, Mama Venansia."

"Basi unasimama haraka."

Yeye akipumzika mimi niliendelea na kazi nyingine. Madoa makubwa niliyakata kwa duara pana kuliko ugonjwa wenyewe, nikayatoa pamoja na udongo wake na kuyachoma nje ya uzio. Sehemu iliyobaki niliichoma kwa uma, meno manne yakizama na kutoka, ili maji yapate pa kushukia na mizizi ipate hewa, kisha nikafagilia mchanga mweusi mashimoni. Sikumwagilia tone, mvua ilitosha. Sikuutilia samadi, ingawa watu wema waliniletea. Jani linaloota haraka kwa samadi huwa laini, na kuvu hupenda kilaini. Fyekeo nililinoa kila mara kabla ya kukata, nilikata juu juu tu, na nilichokata nilikitoa uani siku hiyo hiyo.

Tarehe 11 alianguka. Mguu wa bandia uliteleza kwenye tuta, kamba ikamvuta upande, akalala chali, gongo likaruka mbali. Niliiacha ncha yangu, nikaruka kamba niliyouzungushia ukoka.

"Rudia kule!" alipiga kelele. "Usikanyage gazo!"

"Umeumia?"

"Nimeumia. Rudia kule. Kule mulimani ng'ombe njo itaninyanyua?"

Nilirudi. Papa Direkta alikuwa amefika barazani. Nilimwona akishika nguzo kwa mikono miwili ili asiende. Mama Venansia aligeuka kifudifudi, akapanda juu ya goti lake zima, akasimamisha mguu wa bandia mbele, akaisukuma ardhi kwa viganja. Hakufaulu. Alijaribu tena, akashika tuta lile lile lililomwangusha, akasimama. Kitenge chake kilikuwa na tope mgongo mzima. Hakuliendea gongo. Aliinama polepole, akaokota kamba.

"Tuendelee," alisema. "Upande wangu bado iko na maji."

Gongo lilibaki pale lilipoangukia hadi tulipomaliza. Kuanzia juma lililofuata alilisimamisha ukutani kabla ya kuanza. Kamba ilianza kunyamaza mkononi mwangu. Hapo kwanza ilikuwa na mshtuko mkubwa kila alipotua mguu wa kushoto; mshtuko ukawa mdogo; asubuhi moja nikagundua kwamba nimefika kwenye tangi bila kuusikia. Ndipo matusi yake yalipozidi, maana alikuwa na pumzi ya kuyatolea.

"Mama Feza, unatembea sawa bibi harusi! Kule kuko bwana anakungojea?"

"Ninatembea sawa mutu mwenye heshima."

"Heshima itakausha umande?"

Mwishoni mwa mwezi nyuzi nyeupe hazikuonekana tena asubuhi. Mahali nilipokata madoa, ukoka wa pembeni ulikuwa umenyoosha vidole vyake kuelekea katikati, na duara nyingi zilikuwa zimeziba. Ile kona ya nyuma ya tangi niliyopuliza dawa ya viazi ilipona pia, siku zile zile zilipopona sehemu nyingine; mpime wenyewe. Papa Direkta alipita juu ya ukoka bila viatu, akasimama kwa mguu mmoja, hakuteleza. Alimtumia fundi wa saruji ujumbe kwamba jiko tu linatosha. Aliomba hata hivyo katikati ibaki imefungwa hadi Jumatatu, nami nilikuwa wa kwanza kukubali.

Jumamosi, tarehe 4, umande ulikuwa mzito. Tulikuwa katikati ya ua, mimi kwenye changarawe na Mama Venansia chini ya ukuta, tuliposikia pikipiki. Aliyeingia alikuwa mwanaume mnene kiasi, amevaa kofia, koti na viatu vilivyopakwa rangi, na fimbo ya kuchungia mkononi. Alitusalimia kwa jumla, kama mtu anavyowasalimia wafanyakazi, akanijia mimi niliyekuwa karibu.

"Mama, pole na kazi. Ninatafuta mugonjwa wetu, Venansia wa Kibabi. Iko ku kitanda gani?"

Kabla sijajibu, kamba ilikazika ghafla mkononi mwangu.

"Mama Feza!" sauti ilitoka chini ya ukuta. "Sasa umesimamia nini? Unaongea na nani?"

Papa Sebastiani aligeuza kichwa. Alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguuni, kisha ukutani, ambako magongo mawili yalikuwa yameegemezwa, mbali naye.

"Shemeji," alisema.

"Karibu, shemeji. Batu ya nyumbani habari?"

"Njema. Nimekuja kuona unatembea mu majani. Tembea basi hapa katikati, nione."

"Katikati hapakanyagwe, bado iko inapumzika. Njo imekuwa mugonjwa, si miye." Alitikisa kamba, umande ukaruka. "Unataka kuona? Mama Feza iko na magoti ya uzee. Muachilie nafasi. Shika ile ncha, lakini hama upande: kuja huku ku matuta, miye nipite ku njia. Ao hapana. Hapana, baki ku njia. Ku njia iko rahisi."

Nilimwachia ncha yangu kabla hajakataa. Aliweka fimbo chini. Wakaanza, yeye juu ya changarawe iliyosawazishwa, shemeji yake juu ya matuta yaliyolowa, kamba ikilala kati yao na kuangusha umande kwa mstari mmoja wa kijani uliokuwa ukiwafuata nyuma. Mama Venansia alikwenda mwendo wa kufuata ng'ombe, si wa haraka na si wa kusimama. Walizunguka hivyo kwenda na kurudi. Mara ya tatu walipofika kwenye tangi, aliyeomba wapumzike hakuwa Mama Venansia.

Papa Sebastiani aliketi juu ya jiwe, akavua kofia. Viatu vyake vilikuwa vimelowa hadi soksi.

"Nitabaambia bazee," alisema baada ya kupumua.

"Utabaambia nini?"

"Ng'ombe ibaki."

"Ibaki kwa nani?"

Alitazama ukoka. "Kwa mwenyewe," alisema.

Mama Venansia hakumshukuru, na sikuona sababu ya kumshukuru. Alivuta kamba taratibu hadi ikanyooka.

"Basi simama, shemeji," alisema. "Ule upande wa jiko bado iko na maji."